Difu ya LSD: kibao, jeki, tope au kufungua, ipi uiamini

Msimu wangu wa kwanza wa kubeba viazi kutoka Makete kwenda Njombe nilikuwa na pikapu ambayo muuzaji aliniapia kuwa difu yake ya nyuma, ile gia ya kati ya matairi inayoyagawia nguvu, ni LSD (limited-slip differential, yaani difu inayozuia tairi moja kuteleza peke yake). Nilimwamini, kwa sababu nilitaka kumwamini. Mvua ya kwanza iliponikuta kwenye kona yenye mteremko, tairi la nyuma kushoto liliingia mtaroni likazunguka kama feni. La kulia, lililokuwa juu ya changarawe kavu kabisa, halikutikisika hata kidogo. Tulishusha magunia yote, tukasukuma, tukapakia tena gizani. Kesho yake nilipokuwa gereji ndipo nilipojua kwamba swali la "hii difu ina LSD?" lina njia kadhaa za kujibiwa, na kila njia ina mahali inaposema kweli na mahali inapodanganya.

Naziweka hapa bega kwa bega ili ujue ya kuanza nayo, iwe unanunua gari yadi, unaagiza Japani, au tayari unalo nyumbani.

Kwanza tuelewane tunatafuta nini

Difu ya kawaida hugawa nguvu ya kusukuma sawa kwa sawa kwa matairi mawili. Hapo ndipo shida ilipo. Tairi lililo kwenye tope halihitaji nguvu nyingi ili liteleze, kwa hiyo linapokea kidogo tu, na mwenzake aliye mahali pakavu anapewa kidogo hichohicho. Injini inaunguruma, gari limesimama.

Difu ya LSD inazuia tairi moja kukimbia peke yake. Iliyozoeleka zaidi ina pleti za klachi zilizobanwa na springi ndani ya difu. Tairi moja likitaka kumwacha mwenzake, pleti zinasuguana na kumvuta nyuma. Ipo ya viskasi, yenye pleti ndani ya majimaji mazito ya silikoni, ambayo haifanyi kitu mpaka tofauti ya mwendo iwe kubwa. Na ipo ya gia tupu, aina ya Torsen, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1958. Hiyo haina pleti. Inazidisha nguvu: tairi linaloteleza likishika kidogo, lenye kushika hupewa mara mbili, mara tatu ya hiyo. Lakini tairi likining'inia hewani, kidogo chake ni sifuri, na sifuri ukiizidisha mara tatu ni sifuri.

Difu loki ni kitu kingine. Ile ina swichi au nobu kwenye dashibodi, na ukiiwasha matairi yote mawili huzunguka kama kitu kimoja. Usipoiwasha, ni difu ya kawaida. Wauzaji wengi huchanganya hivi viwili, na si wote wanaofanya hivyo kwa nia mbaya.

Kibao na karatasi

Njia rahisi kuliko zote haihitaji hata kuinama. Kwenye magari ya Toyota, fungua boneti au mlango wa dereva utafute kibao cha bati chenye namba ya chasisi. Chini yake kuna mstari ulioandikwa TRANS/AXLE. Kundi la kwanza ni giaboksi, la pili ni ekseli. Kwenye kundi hilo la pili, herufi ya mwanzo inahusu ukubwa wa difu, tarakimu mbili za kati zinahusu uwiano wa meno (propela inazunguka mara ngapi matairi yakizunguka mara moja), na alama ya mwisho inataja aina ya difu. Usijaribu kukisia alama hiyo kwa kichwa. Mpe muuza spea anayetumia katalogi ya namba za chasisi, atakusomea kwa dakika mbili. Nissan nao wana mstari kama huo. Walio Marekani wenye pikapu za General Motors watafute G80 kwenye stika ya orodha ya vifaa. Ukiiona, difu ya nyuma si ya kawaida, ingawa kwenye pikapu nyingi hiyo ni difu inayojifunga yenyewe tairi moja likishateleza, si LSD ya pleti.

Ukiagiza kutoka Japani, kibao ndicho kila kitu ulichonacho. Omba picha yake iliyo wazi kabla ya kulipa, pamoja na karatasi ya mnada. Kwenye magari ya mwendo, mnada mara nyingi huandika LSD kama sifa, maana wanunuzi wa huko wanaijali.

Sasa upande wa pili wa kibao. Kinaeleza gari lilivyotoka kiwandani, basi. Gari la miaka ishirini ambalo limeshapita mikono mitatu linaweza kuwa na difu ya mtumba iliyonunuliwa mtaa wa Gerezani kama liko Dar es Salaam, au Kirinyaga Road kama liko Nairobi, baada ya ile ya kwanza kuvunjika meno. Kibao hakibadiliki, difu imebadilika. Pikapu yangu ilikuwa hivyo hasa: kibao kilisema kitu kimoja, chuma kilichokuwa chini kilikuwa kingine. Muuzaji wangu huenda alisoma kibao na kukiamini, kama nilivyomwamini yeye.

Usisahau pia kusoma LSD hiyo iko wapi. Toyota Prado ya 120, iliyotoka mwaka 2002, ina Torsen katikati, kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Mtu akisoma neno hilo kwenye brosha anadhani ni ya nyuma. Ekseli ya nyuma ni habari nyingine kabisa.

Kuna kidokezo kimoja cha kuangalia ukiwa umechutama: nati ya kujazia oili ya difu. Difu nyingi za LSD hutoka kiwandani na kibati au stika karibu na nati hiyo, inayosema tumia oili ya LSD tu. Ukikikuta, ni dalili nzuri, kwa sababu kimefungwa kwenye difu yenyewe, si kwenye mlango. Usipokikuta, usihitimishe lolote. Vibati hivi hung'oka, na mafundi wengi hawavirudishi.

Jeki

Hii ndiyo njia ninayoipenda, na ndiyo ningemwambia mdogo wangu aifanye kama ana nafasi ya kufanya moja tu. Inapima difu iliyopo leo chini ya gari, si ile iliyoandikwa.

Kabla ya chochote: injini izimwe, na ibaki imezimwa. Gari lenye LSD likiinuliwa tairi moja na injini ikawashwa kwenye gia, tairi lililo chini litasukuma, na gari litaruka kutoka kwenye jeki. Hili si la kubahatisha. Tafuta mahali tambarare, weka mawe au vigogo mbele na nyuma ya matairi yote yanayobaki chini, kwa sababu utaachia breki ya mkono. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi za chuma.

Toleo fupi ni hili. Inua tairi moja tu la nyuma. Gia nyutro, breki ya mkono imeachiwa, na kama ni gari la kuvuta matairi yote, loki ya katikati izimwe. Zungusha tairi lililo hewani kwa mikono. Likizunguka kwa urahisi, na propela (ile shafti ndefu inayotoka giaboksi kwenda difu) nayo inazunguka, una difu ya kawaida, au LSD iliyochakaa, au Torsen, au difu loki isiyowashwa. Likigoma, mpaka uhisi kwamba utaliangusha gari badala ya kulizungusha, pleti zipo na zinafanya kazi. Vitabu vya ufundi vya magari yenye LSD ya pleti mara nyingi hutaja kiasi cha nguvu kinachotakiwa kulishinda tairi hilo, na gereji yenye spana ya kupimia nguvu inaweza kukupa namba kamili. Namba ikiwa chini ya ile ya kitabu, pleti zimekwisha.

Toleo refu linahitaji matairi yote mawili ya nyuma hewani, juu ya stendi. Siku ile gereji, fundi alichora mstari wa chaki kwenye kila tairi na mwingine kwenye propela. "Kaka, wewe zungusha, mimi naangalia mwenzake," akaniambia. Nikavuta tairi la kulia kwenda mbele. La kushoto likaenda nyuma, taratibu, kama mtu anayepishana nawe mlangoni. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hii ni ya kawaida kabisa."

Yakizunguka upande mmoja pamoja, kuna kitu kinachoyashikilia: pleti nzima, viskasi, au difu iliyofungwa. Yakizunguka kinyume, ni difu ya kawaida, au mojawapo ya zile zinazofanana nayo. Likizunguka moja na jingine likasimama tu, usikimbilie kutoa hukumu. Angalia propela. Kama propela inazunguka, huenda breki ya lile lililosimama inabana. Legeza breki, rudia.

Halafu kuna hatua ambayo wengi wanairuka, nayo ndiyo inayotenganisha aina moja na nyingine. Weka gia ya kwanza, au P kama ni otomatiki, ili propela isizunguke. Sasa zungusha tena. Propela ikiwa imeshikwa, tairi moja haliwezi kwenda bila la pili kurudi, kwa hiyo unachopima ni uzito wa kuzungusha. Difu ya kawaida unaizungusha kwa mkono mmoja huku unaongea. Pleti nzima hutaziweza kwa mikono, utatafuta bomba la kujiongezea nguvu. Pleti zilizochoka zinakubali, lakini kwa unyonge wenye kusugua, kama mlango uliovimba kwa mvua. Viskasi ina tabia yake: isukume polepole inakwenda, isukume kwa ghafla inagoma. Utaikuta nyuma ya baadhi ya Subaru, zikiwemo Forester. Torsen huzunguka laini, labda nzito kidogo, na hapo ndipo jeki inapokuacha njiani, kwa sababu mkono mtupu unaweza usitofautishe Torsen na difu ya kawaida.

Jeki inakupa zawadi moja zaidi. Kwa difu inayozunguka kwa uhuru, rudi kwenye toleo fupi, lile la tairi moja hewani na jingine chini. Zungusha tairi mizunguko miwili kamili huku mwenzako anahesabu mizunguko ya propela kwa mstari wa chaki. Propela ikizunguka mara nne na kijisehemu, uwiano wako ni kama 4.1 (tairi la chini limesimama, ndiyo maana mizunguko miwili ya moja ni sawa na mmoja wa yote mawili). Linganisha na ule wa kibao. Visipolingana, umepata ushahidi kwamba difu ilibadilishwa, hata kabla ya kufungua nati moja. Kwa gari la kuvuta matairi yote hili lina uzito mkubwa: uwiano wa nyuma na wa mbele lazima ulingane, vinginevyo ukiweka 4WD barabarani ekseli mbili zinavutana mpaka kitu kivunjike.

Kwa wenye Land Rover Defender za zamani: breki yenu ya mkono inashika propela, si matairi. Iachieni kwa kipimo cha nyutro, au mtadhani mna LSD kali kumbe ni breki.

Tope na kokoto

Njia ya vijana ni kukanyaga mafuta kwenye kokoto halafu kushuka kuangalia alama. Alama mbili, LSD; alama moja, difu ya kawaida. Naielewa mvuto wake, maana haihitaji vifaa, na kweli inaonyesha tabia ya gari likiwa kazini. Torsen, ambayo jeki haikuiona, hapa inaweza kujionyesha.

Lakini siiamini peke yake. Kwenye uso ulio sawa pande zote, difu ya kawaida nayo inaweza kuzungusha matairi yote mawili, kwa kuwa yote yanateleza sawa. Na magari ya karibuni yana kompyuta inayoshika breki ya tairi linaloteleza ili nguvu iende kwa mwenzake. Toyota wanaiita A-TRC kwenye magari yao ya porini, na kwenye baadhi ya pikapu na magari makubwa wanayouza Marekani kuna kitu kinaitwa AUTO LSD, ambacho jina lake limewachanganya wengi. Kazi yote inafanywa na breki, difu ndani ni ya kawaida. Alama mbili utaziona, LSD ya chuma hakuna.

Ukitaka kujaribu kwa kuendesha, fanya hivi. Peleka tairi moja la nyuma kwenye tope au mchanga laini, jingine libaki pakavu, zima mfumo wa kuzuia kuteleza, ondoka taratibu kwa gia ya kwanza, na mwenzako asimame mbali pembeni akiangalia. Tairi la pakavu likisaidia kusukuma, kuna kitu humo ndani. Kisha vuta breki ya mkono nusu na ujaribu tena. Kwa magari ambayo breki hiyo inashika matairi ya nyuma, kubana huko kunalifanya tairi linaloteleza liwe zito kuzunguka, na Torsen ikipata uzito huo wa kuzidisha mara moja inaamka. Difu ya kawaida nayo inasaidika kidogo kwa ujanja huu. Mimi umenitoa kwenye tope zaidi ya mara moja.

Sauti pia inaongea. Kwenye lami kavu, gari likiwa 2WD, kata usukani wote na uzunguke polepole sana. LSD ya pleti inaweza kutoa mgugumo kutoka nyuma, krr, krr, pleti zinaposhika na kuachia. Hilo likizidi, aghalabu mtu amejaza oili isiyo yake.

Kufungua

Hapa hakuna ubishi tena. Ukiiona kwa macho umeiona. Difu zenye mfuniko wa nyuma hufunguliwa kwa kumwaga oili na kutoa bolti. Ndani ya ile ya kawaida utaona gia ndogo nne au mbili za katikati kupitia madirisha ya kibebeo. Ya pleti imejaa: springi, pleti zimepangwa kama sarafu pembeni ya gia.

Tatizo ni gharama na usumbufu. Ekseli za nyuma za Hilux na Land Cruiser hazina mfuniko huo. Difu nzima inatolewa kwa mbele baada ya kuvuta ekseli shafti na kufungua propela. Ni kazi ya nusu siku, na muuzaji hatakubali uifanye kwenye gari ambalo hujalilipia. Kuchungulia kwa tochi kupitia tundu la oili kunakuonyesha meno ya kraun, ile gia kubwa ya difu, tu mara nyingi. Kidole chako kikitoka na oili yenye vipande vya chuma, hata hivyo, umejifunza jambo la maana kuliko LSD.

Kufungua kuna maana pale unaponunua difu yenyewe ya mtumba iliyolala mezani kwa muuza spea. Hapo huna haja ya kibao wala jeki. Ingiza mkono kila upande, zungusha, tazama ndani kwa tochi. Anayekataa usitazame, mpishe.

Basi uchague ipi?

Unayeagiza kutoka nje: kibao na karatasi, na uyachukulie majibu kama ahadi, si kama uthibitisho. Ukiwa yadi na muuzaji amesimama pembeni: kibao, kibati cha nati, halafu omba kuinua tairi moja. Dakika kumi, na kijana yeyote wa yadi ana jeki. Akikataa jeki huku anaendelea kuimba LSD, bei ya LSD isiwe sehemu ya bei. Mwenye gari nyumbani: fanya jeki toleo refu lote, pamoja na hatua ya gia, na ukibaki na shaka kati ya Torsen na difu ya kawaida, nenda kwenye tope. Anayepima ili afanye matengenezo ya pleti asipoteze muda na kokoto. Spana ya kupimia nguvu, kisha kufungua.

Jibu likiwa "ndiyo", kabla hujafurahi badilisha oili. LSD ya pleti inataka oili ya gia ya daraja la GL-5 iliyoandikwa wazi kuwa ni ya LSD, kwa kuwa ina dawa ya kulainisha pleti zinapokutana. Ile oili namba 90 inayomiminwa kila difu inayopita gereji itaifanya igugume kwenye kona na kuila pleti mapema.

Mimi baadaye nilipata difu ya LSD ya mtumba yenye uwiano uleule wa mbele, tukaipima mezani, tukaifunga. Fundi alikata kipande cha bati la kopo, akapiga herufi tatu kwa msumari, L, S, D, akakitoboa na kukifunga kwa waya kwenye nati ya oili, ili hata mimi nisipokuwepo fundi mwingine ajue anachomimina.